Mzigo, Tairi na Amana ya Roho za Watu

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtiishia mwanadamu vipando vya nchi kavu na vya baharini, navyo kwa nguvu zake mwenyewe asingeliviweza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Sahaba zake.

Amma baad. Tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kulisikia juu ya mimbari, nalo ni matairi ya magari na mizigo tunayoyabebesha. Anayestaajabu na atuvumilie kidogo.

Miaka michache iliyopita, katika msimu wa mavuno ya vitunguu swaumu, tulikuwa tukirejea Katesh kutoka Mbulu. Tulipanda Noah. Gari hilo limetengenezwa kuchukua watu wanane; sisi tulikuwa kumi na watatu, mbali na watoto waliopakatwa, na juu ya paa magunia yamefungwa kwa kamba. Tulipita Dongobesh salama. Kabla hatujafika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali njia inapoanza kuteremkia Dareda, tairi la nyuma la kushoto likapasuka kwa kishindo. Gari liliyumba, likasimama pembeni mwa barabara. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa dereva alikuwa mwendo wa pole kwa ajili ya mashimo. Tukashuka, tukasema Alhamdulillahi, na mzee mmoja akasema: "Ni kudra ya Mungu." Nasi tukaitikia.

Alikuja kijana wa kuziba pancha kwa pikipiki. Alipolitoa tairi kwenye ringi alitwita, akatuonyesha ndani yake. Mpira wa ndani ulikuwa umesagika ukawa unga mweusi, na nyuzi zimechomoza kama nywele. Akasema: "Shehe, hili halikupasuka leo. Lilianza kufa wiki nyingi. Limekimbizwa bila upepo wa kutosha na mzigo mkubwa juu yake." Sisi tuliosoma miaka na miaka tukasomeshwa siku ile kando ya njia na kijana aliyeshika bisibisi. Tangu hapo neno la yule mzee limekuwa likitusumbua. Je, ilikuwa kudra tu, au kulikuwa na mtu, na pengine watu, walioiandaa ajali ile wiki nyingi kabla, nasi abiria tukawa miongoni mwao?

Ndugu Waislamu, kuamini kudra ni nguzo ya imani, wala hakuna anayeitilia shaka. Sisi wa Hanang tumeshuhudia msiba usiozuilika kwa mkono wa mtu mmoja. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope na mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Aliyekuwa amelala nyumbani kwake asubuhi ile hakuwa na la kufanya. Lakini tairi lililokwisha, lenye kipara kama kichwa cha mzee, latazamwa na mwenye gari kila siku anapofungua mlango. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja ni kumsingizia Mola wetu uzembe wetu. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na yule bedui kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mwenyezi Mungu, alimwamrisha amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizo.

Basi na tulijue tairi ni kitu gani. Tairi la upepo lilianza kutumika baada ya mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alipofunga mpira uliojazwa hewa kwenye magurudumu ya baiskeli ndogo ya mwanawe. Tunapenda kukumbuka kwamba alikuwa mtu wa kutibu mifugo, kwani tutarudi kwenye mifugo baada ya hapo. Jambo la kufahamu ni hili: uzito wa gari hubebwa hasa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira. Mpira ni gunia, upepo ndiye hamali. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, mara mamia katika dakika moja. Chukua waya, uukunje na kuukunjua upesi kwa vidole. Utahisi unapata moto, kisha utakatika. Ndivyo nyuzi za tairi zinavyopata moto, mpira ukaachana na nyuzi, na siku moja likapasuka. Mzigo ukizidi hufanya vivyo hivyo, na mwendo wa kasi huongeza moto juu ya moto. Yakikutana yote matatu, mzigo, kasi na upungufu wa upepo, mwenye gari hana haki ya kushangaa.

Sisi Waislamu ni umma wa kusoma, na wanafunzi mnaotusikiliza mmezoea kusoma maandishi madogo pembezoni mwa vitabu vikubwa. Basi leo jioni someni maandishi ya ubavuni mwa tairi. Mathalani mtakuta 195/65 R15 91S. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana ule. R yaonyesha namna nyuzi zilivyopangwa. 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kisha hiyo 91 ndiyo ambayo watu wengi hawaijui, nayo ndiyo yenye hukumu ya mzigo. Si kilo 91. Ni nambari ya jedwali, na maana yake ni kwamba tairi hilo, likiwa na upepo unaotakiwa, hubeba kilo 615, wala halikutengenezwa kubeba zaidi. Nambari 88 ni kilo 560. Herufi S yahusu kasi: haifai kupita kilomita 180 kwa saa, na hiyo ni kwa tairi zima katika barabara njema.

Sasa na tupige hesabu, maana hesabu haimwonei mtu haya. Matairi manne kwa kilo 615 ni kilo 2,460. Gari lenyewe, likiwa tupu, tulikadirie kilo 1,500. Watu kumi na wanne wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 910. Jumla imefika 2,410. Weka juu ya paa magunia mawili ya kilo mia mia, tumefika 2,610. Tumekwisha kuvuka mpaka wa matairi yote manne, tena tumefanya kana kwamba mzigo umegawanyika sawasawa, ilhali katika gari la namna hii lililosheheni watu na mizigo upande wa nyuma, matairi ya nyuma ndiyo huelemewa. Wala hatujasema lolote juu ya breki, wala juu ya magunia ya juu ya paa yanayoliyumbisha gari penye kona. Na gunia lenyewe huenda si la kilo mia, bali ni lumbesa, limefungwa na kuvimba kama kilemba. Lumbesa ni dhambi yenye ncha mbili. Humpunja mkulima sokoni, na Sura nzima ya Al-Mutaffifin imekuja kuwaonya wapunjaji wa vipimo. Kisha barabarani humdanganya dereva asijue amebeba nini.

Tulisema tutarudi kwenye mifugo. Katika vitabu vya fiqhi tunavyosomesha katika madrasa zetu za Kishafi'i, kimojawapo kikiwa Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mmewekwa mlango wa kukodisha. Humo imo mas'ala ya mtu aliyekodi mnyama wa kubeba mizigo kwa mapatano ya mia moja kwa kipimo, kisha akampakia mia na kumi. Hukumu ni kwamba atalipa ujira wa ile ziada. Na mnyama akifa kwa sababu yake, hali mwenyewe hayupo, basi aliyepakia ni mdhamini, atamlipa. Zingatieni, ndugu zetu: ziada ya kumi tu juu ya mia, na kilichokufa ni mnyama. Tuliisoma mas'ala hii ujanani tukaihesabu kuwa ni habari ya wakati wa misafara, tukaipita. Leo tunaona kwamba wanavyuoni wale walikuwa wakizungumza na mwenye Noah na mwenye Fuso, ila majina ya vipando tu ndiyo yaliyobadilika.

Nanyi watu wa Mbulu na Hanang mnawajua punda kuliko wengi. Punda wa Kiiraqw au wa Kibarbaig akielemewa husimama njiani, akalala chini, na hapana fimbo ya kumwinua mpaka apunguziwe. Imepokewa kwamba ngamia mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) huku machozi yakimtoka, na Mtume akamwambia mwenyewe kwamba mnyama huyu amemlalamikia kuwa humtia njaa na kumchosha kwa kazi. Gari halilalamiki. Hubeba ulichopakia, likanyamaza, hadi siku ya kuteremka mlima.

Na milima tunayo. Anayetoka Dongobesh kwenda Dareda, na anayetoka Mbulu kupitia mlima Magara kwenda Mbuyu wa Mjerumani, wote wawili huteremka kutoka nchi ya baridi hadi chini bondeni kwenye joto. Katika miteremko hiyo wako madereva wenye desturi ya kutoa gia gari lijiendee lenyewe, ati wapunguze mafuta. Desturi hiyo ni mbaya kabisa. Gari lisilo katika gia hushikwa na breki peke yake. Breki hupata moto kwa muda mfupi, na zikishapata moto mwingi hazishiki tena. Mwenye akili huingia gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, injini ikamsaidia kulizuia gari, na mguu wa breki ukapumzika. Akumbuke pia kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Kwa hiyo anayekwenda 100 hahitaji nafasi mara mbili ya anayekwenda 50, ahitaji mara nne, mbali na ile inayopotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mpaka wa kilomita 50 kwa saa penye makazi, na 80 kwa magari makubwa yapitayo tani tatu na nusu. Lami ya Babati hadi Katesh na kuendelea Singida ni neema, lakini imewapa baadhi ya vijana wetu mwendo ambao matairi yao hayakuumbiwa.

Tairi likipasuka mwendoni, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue lenyewe, kisha utoke barabarani polepole.

Ama magari makubwa, nchi za Afrika Mashariki zina sheria moja ya kudhibiti uzito, ya mwaka 2016, nayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Gari zima lenye mzigo halipiti tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Wako wanaoiona mizani kuwa ni adui wa riziki, wakatafuta njia za panya au wakatoa kitu kidogo wapite. Mtoa rushwa na mpokeaji wote wawili wamelaaniwa na Mtume (S.A.W.). Na hasara ya jambo hili haimfiki mwenye gari peke yake. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani katika jimbo la Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa kadiri ya uzito wa ekseli uliozidishwa kwa nafsi yake mara nne: ukiubeba uzito maradufu, hukuiumiza barabara maradufu, umeiumiza takribani mara kumi na sita. Mashimo yale kisha ndiyo yanayopasua matairi ya mwenzako, na kumchelewesha mjamzito anayepelekwa hospitali ya Haydom.

Tuseme neno kwa matajiri, yaani wenye magari. Mnamkabidhi kijana gari asubuhi na kumwambia: "Jioni nataka hesabu yangu kamili." Hamumwulizi matairi yako vipi. Kijana akisema matairi yamekwisha, mnamwambia asubiri mwezi ujao. Kijana yule akijaza watu kumi na wanne, ni nani hasa aliyewajaza? Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwezi Juni 1993, lilikata kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na Sheria ya Kiislamu ni wajibu wa kisheria, na kwamba dereva hudhaminishwa madhara anayoyasababisha hata kama hakukusudia, ila katika hali chache, kama vile nguvu isiyozuilika. Wala tairi la kipara halihesabiwi kuwa ni nguvu isiyozuilika. Na Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, imeweka diya na kafara kwa aliyeua kwa kukosea. Katika zama hizi zetu kafara hiyo ni kufunga miezi miwili mfululizo. Mahakama ya nchi ina hukumu yake; sisi tunazungumza deni lililo baina ya mja na Mola wake, lisilofutwa na faini. Ni madereva wangapi waliowahi kuulizwa kama wamefunga?

Tunakiri kwamba sisi abiria hatukusalimika. Siku ile ya Dongobesh tulikuwa kumi na watatu, na hakuna aliyefungua kinywa, nasi tumevaa kilemba. Tulikuwa na haraka ya kufika, na nauli ilikuwa nafuu. Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini, wa chini wakataka kutoboa tundu upande wao ili wapate maji kwa wepesi. Wa juu wakiwaacha, wote wanaangamia; wakiwashika mikono, wote wanaokoka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Idadi ya maiti ilizidi mara mbili idadi ya nafasi. Kila mmoja wa wale, Mwenyezi Mungu awarehemu, aliingia kwa miguu yake, kama sisi tuingiavyo katika Noah. Na mzazi anayempandisha mwanawe mshikaki juu ya pikipiki, watoto watatu nyuma ya dereva mmoja kwenda shule, asingoje kufundishwa na maziko.

Yabaki mambo ya kutenda, nayo si mengi. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa halijapata moto, kwa kipimo, si kwa teke. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva. Ile pauni kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka wa mwisho, si kiasi cha kila siku. Baridi ya Mbulu hupunguza upepo, takribani pauni moja kwa kila nyuzi sita za joto zinazoshuka. Na ukifika Magugu jua likiwa kali ukaona umepanda, usiutoe. Kesho asubuhi utakuwa pungufu. Kina cha mifereji ya tairi kisipungue milimita 1.6, kipimo kinachofuatwa katika nchi nyingi; ndani ya mfereji mna vinundu vidogo, na mpira ukiisha ukalingana navyo, tairi hilo limekwisha. Umri wake umeandikwa kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, basi usiuziwe kizee kwa jina la kijana. Na msisahau tairi la akiba, ambalo wengi hulikagua siku wanapolihitaji.

Ni sunna kusoma dua ya kupanda chombo, nasi twaona madereva wetu wengi wamebandika kwenye vioo vyao maandiko mazuri. Tunafurahi. Tungelifurahi zaidi kama anayeisoma dua angelizunguka gari lake kwanza, akayatazama matairi manne, kisha akaketi na kuisoma.

Kamati ya msikiti wetu hapa Katesh imenunua kipimo kimoja cha upepo na pampu ya mguu. Vimewekwa kwa mwadhini. Kila Ijumaa baada ya Swala, mwenye gari au pikipiki, awe Mwislamu au asiwe, atapimiwa bila malipo. Na yule kijana wa pancha amekubali kuja. Wanafunzi wa madrasa wa darasa la juu watasimama naye wajifunze kusoma zile nambari.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.